Njegere Zinazoliwa na Maganda Yake

Mume wangu alirudi kutoka hospitali mwepesi kama gunia tupu. Amepona, walisema. Lakini dawa zilikuwa zimemwondolea ladha. Nikimpikia, anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. "Ni kama natafuna karatasi." Daktari aliniambia wazi: mama, asipokula utamrudisha hapa, na safari hiyo... Hakumalizia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini maneno yaliyokatwa katikati nayaelewa.

Na mimi siyo mpishi wa kubahatisha. Harusi, misiba, mpaka Kikatiti huko, kabla ndizi hazijamenywa wanauliza kwanza kama nipo. Sasa sahani zilikuwa zinarudi jikoni huku naziangalia.

Kando ya mfereji nilikuwa nimepanda njegere zile bapa, ambazo hutoi punje, unazila na maganda yake. Mbegu nilizipata kwenye shamba kubwa la mboga huku chini, nilikofanya kibarua cha kuchuma misimu miwili. Nilizichomekea matawi ya kahawa tuliyopogoa, zikapanda taratibu kama zinamfuata mtu. Asubuhi ukungu ukishuka kutoka Meru, mlima wote unapotea, migomba inapotea, yanabaki maua meupe tu yananing'inia hewani. Nilikuwa nasimama pale na kanga yangu mabegani, nasahau nimetoka kufanya nini.

Basi nikasema, hizi ndizo zitakazomlisha. Nikafanya kosa la watu wa mlimani. Niliziacha zinenepe kama njegere zetu, nikazichemsha na ndizi na magadi, nikaziponda. Kwetu chakula kisichopondwa ni kama hakijaiva. Kumbe kule shambani nilikuwa namwona msimamizi kila siku anazitupa zilizonenepa. Macho yaliona, kichwa kilikuwa kimelala.

Mzee akatafuna, akatafuna, akavuta uzi mrefu katikati ya meno.

"Bibi, umenipikia au umenisukia kapu?"

"Kula wewe! Ndizi zangu hazina nyuzi."

"Basi huu nimekuja nao kutoka hospitali."

Nilicheka kwa nje. Sahani ikarudi jikoni imejaa, na mimi nikakaa karibu na moshi ili nikitokwa na machozi niwe na sababu.

Zikapita siku. Mashina yakatoa maganda mengine, membamba. Jumatano asubuhi ilikuwa zamu yetu ya maji. Nikamweka mzee kwenye kigoda pale kando ya njegere, ndani ya koti lake ambalo sasa lingetosha watu wawili, nikapanda na jembe kufungua mfereji. Ukungu ulikuwa mzito, natembea kama ndani ya maziwa. Sikuiona miguu yangu, lakini njia inaijua. Nikafungua maji, nikashuka nayo, yananong'ona pembeni yangu kama mtoto anayesimulia jambo refu lisilo na mwisho. Kwa muda ule sikuwa mzee, wala hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Nilipofika, upande mmoja wa njegere ulikuwa umefyekwa. Chini tu, mpaka kimo cha mtu aliyekaa.

"Mbuzi wa nani huyu!" nikapiga kelele kuelekea kwa jirani. "Fungeni mbuzi wenu!"

Mzee alikuwa anautazama mlima, na mlima haukuonekana. Kwenye ndevu zake nikaona kipande cha kijani.

"Umemwona huyo mbuzi?"

"Nimemwona. Mzee mzee hivi, magego yameisha."

"Amekula ngapi?"

"Zile nyembamba tu. Zinalia mdomoni, kra, halafu ndani kuna maji matamu."

"Matamu? Umesikia utamu?"

Akafikiri. "Kwa mbali. Kama redio ya jirani."

Nilichuma zilizobaki, nikatoa nyuzi za pembeni moja moja. Mafuta yakapata moto, kitunguu, njegere, geuza, geuza, epua. Mkono wa kulia ulikuwa unautafuta mwiko uponde. Nikaukalia, kabisa, nikaukalia kama mtoto mtukutu. Chakula kilikuwa bado kinang'aa, kibichi kibichi, na mimi naona aibu kukiandaa.

Alikula kijiko cha nne. Nikaangalia pembeni nisimtie jicho. Cha tano. Nikawa nasikia tu zinavyolia. Halafu akasimamisha kijiko, na moyo wangu nao ukasimama.

"Umesahau chumvi," akasema.

Siku nyingine yoyote, mwanaume anayeniambia hivyo mezani kwangu angejuta. Lakini ilikuwa kweli. Sikuwa nimetia hata punje. Na ulimi wake ulikuwa umesikia kwamba haipo. Nikainuka mbio kuifuata jikoni, nikaipita mara mbili bila kuiona, na yeye huko nje ananiita, "Fanya haraka, kinapoa!"