Saa ya Guka

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu saa ya mfukoni ya Kiingereza, ya fedha, ya zamani sana, inatafutiwa mnunuzi miongoni mwa wale watu wanaokusanya vitu adimu. Alidhani ataniburudisha tu. Nilipokiona kifunguo chake kidogo kikining'inia kwenye mnyororo, rafiki yangu, nilijikuta Ruiru, miaka ya hamsini, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa.

Guka, yaani babu yangu, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mzee pale shambani. Mzungu huyo aliporudi kwao alimwachia saa kama hiyo. Kila jioni, tukishakula, guka aliitia ufunguo polepole, kisha akaniwekea sikioni. Nikiisikia ikigonga, na mikono yake inanukia vitunguu na sabuni, sikutaka kitu kingine duniani.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikawa inawakamata wanaume wetu na kuwafungia kambini. Asubuhi moja guka alipakiwa kwenye lori na wanaume wengine, wala hatukuambiwa anapelekwa wapi. Saa ilibaki chini ya mto wake wa kulalia. Jioni hiyo cucu, nyanya yangu, ambaye hakuwahi hata kuigusa, aliichukua akaitia ufunguo. Akawa anafanya hivyo kila siku.

"Cucu, si tuiache tu?" nilimuuliza.

"Nikiiacha ilale, nitajuaje kama yuko hai?"

Mchana mmoja askari walikuja kupekua. Mwafrika kukutwa na saa ya fedha ya Kizungu wakati ule, nani angeamini alipewa? Cucu aliwasikia wakiwa nyumba ya jirani. Akaifungua saa kutoka kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni, akaidumbukiza ndani ya chungu kilichokuwa kikichemka. Askari waligeuza godoro, wakamwaga unga. Mmoja akainama jikoni.

"Unapika nini, mama?"

"Maharagwe, mwanangu. Bado hayajaiva."

Walipoondoka aliitoa kwa mwiko, akaifuta, akaiweka sikioni. Alikaa hivyo muda mrefu sana. "Imenyamaza," akasema. Siku hiyo hakutia kitu mdomoni, na tangu hapo jina la guka halikumtoka tena.

Guka alirudi msimu wa mvua, kahawa imechanua, shamba lote jeupe. Alikuwa amekonda hata nikamwogopa. Cucu hakumsalimu. Alimletea saa kwa mikono miwili, akilia.

"Mzee wangu, niliiua. Nisamehe."

Guka aliipokea akaitia mfukoni bila kuitazama. "Wewe, njoo tukae. Kuna chai?"

Alizikwa nayo, miaka mingi baadaye. Zile nyumba zilibomolewa, na penye kahawa sasa pamejaa maghorofa ya kupangisha. Nikipita siwezi hata kukuonyesha mlango wetu ulikuwa wapi, ule mlango ambapo wale wawili walikaa jioni ile, wakipokezana kikombe kimoja cha chai, mpaka giza likaingia nikashindwa kuona nani ni nani.