Wimbo wa Mpima Barafu

Ziwa likishaganda, hakuna anayekanyaga barafu kabla mpima wetu hajapita na mtarimbo wake. Hugonga, huinamisha kichwa, ndipo husogea hatua moja. Muda wote hujiimbia puani, wimbo uleule wa kubembelezea watoto, na hunyamaza pale tu anapotaka kusikiliza. Juzi tulimfuata, mimi na wifi yangu Kanayuk, tukiburura nyavu hadi karibu na mdomo wa mto, ambako maji hayatulii. Akagonga. Wimbo ukakatika. Mtarimbo ukatoka umelowa.

"Mbona kanyamaza huyu?" Kanayuk akaninong'oneza.

"Ziacheni nyavu," akasema bila kugeuka. "Rudini mkikanyaga nyayo zenu zilezile, mmoja mmoja. Mimi nitawafuata. Na wewe Kanayuk, leo tu, funga hilo domo."

Tulipompa mgongo, akaanza kuimba kwa sauti kuu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nilipokanyaga changarawe za ufukweni akanyamaza, na hapo nikasikia alichokuwa akitufichia: barafu ilikuwa ikipasuka, na yeye bado hajainua hata mguu.