Chupa Iliyokuja Imefunguliwa

Kwetu Lubumbashi hakuna mtu mwenye akili zake anayekunywa bia ambayo hakuiona ikifunguliwa. Mhudumu anakuletea chupa imefungwa, unaigusa kama ina baridi, unasema sawa, ndipo anaifungua mbele ya macho yako na kukuwekea kifuniko juu ya mdomo wa chupa. Ikija wazi, unairudisha, huwezi kujua nani ametia sumu. Hatumwamini mtu, na hatuombi samahani.

Mume wangu ndiye alikuwa mkali zaidi wa mambo hayo. Siku ya harusi yetu alirudisha chupa iliyofunguliwa na shangazi yake mwenyewe! Lakini alikunywa, jamani, alikunywa mpaka akatapika damu kwenye mashuka yangu. Daktari alimwambia nikiwa nimesimama pale pale: ini limechoka, ukirudia bia watakuzika. Akaniapia juu ya kitanda cha hospitali. Tangu hapo, kila aliporudi nyumbani, pua yangu ilimsalimu kabla ya mdomo.

Kwa kuwa aliwahi kufanya kazi Zambia na Kiingereza anakijua, alianza kutembeza wageni wa kampuni, wale wanaolala kwenye nyumba kubwa za mtaa wa Golf. Halafu ikaja treni ya watalii. Ilisimama kwetu tangu asubuhi hadi jioni, na wazungu wazee kumi na mmoja walitaka waonyeshwe nini? Kanisa? Makumbusho? Baa! Tena baa tatu, moja baada ya nyingine, na wa kuwaongoza ni huyu mgonjwa wangu.

Nikavaa kikwembe changu kizuri, kitenge cha sikukuu.

"Mais mama, unakuya kufanya nini kule?" akaniuliza. "Ile njo kazi."

"Ninakuya kusaidia bamama wazungu kuvuka barabara."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Baa ya kwanza ilikuwa mtaa wa Kamalondo. Mhudumu aliwafungulia wageni chupa zao mojamoja, mume wangu akiwaeleza desturi yetu, nao wakapiga picha hata vifuniko. Kisha yule dada akaenda kaunta, akarudi na chupa ya kahawia, imefunguliwa tayari, akaiweka mbele ya mume wangu. Hakuwa ameagiza kitu. Naye, huyu aliyemkatalia shangazi yake, akaichukua na kuipiga funda.

Moyo wangu ukafanya pa!

Nikamwinamia sikioni. "Iko nini mule?"

"Maji."

"Maji? Ndani ya chupa ya bia?"

"Mama, tafadhali. Bantu banaangalia."

Baa ya pili, kwenye mtaa wetu uitwao Kenya, mambo yaleyale. Mhudumu mwingine, chupa wazi, na tabasamu juu. "Papa, iko ile yako ya siku zote," alimwambia. Siku zote! Kwa hiyo mimi nilikuwa nachemsha mboga bila mafuta kwa ajili ya ini la nani? Nikamtazama akiimba na wageni, akiwapiga mabegani, uso unang'aa. Nilimjua vizuri mtu yule. Nilimjua kutoka miaka ya mashuka. Niliogopa, na hasira ndiyo iliyoniinua kurudi kwenye gari la wageni.

Ya tatu ilikuwa mtaa wa Katuba, penye michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Chupa ikaja wazi tena. Safari hii sikuuliza. Nilisimama mbele ya wazungu wote, nikamnyang'anya mkononi, nikainua, nikanywa mafunda matatu makubwa.

Yalikuwa maji. Maji vuguvugu.

Bibi mmoja mzungu akapiga makofi, alidhani ni sehemu ya matembezi. Mhudumu ndiye aliyenihurumia. "Maman, ni papa alituomba," akasema polepole. "Wageni wakimuona hakunywi, nabo banaona haya kunywa. Njo tunamujazia maji kule nyuma."

Mume wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama kama mtu aliyeketi karibu na asiyemjua ndani ya basi.

"Nilikuambia maji," akasema, akageuka kuwaeleza wazee habari za michopo.

Jioni nilimwomba msamaha, akasema imekwisha. Hajanywa bia mpaka leo, ini limetulia, daktari mwenyewe anashangaa. Mimi pia nimeacha kumnusa.

Lakini kila asubuhi, ninapomwekea chai, hagusi kikombe. Anakisogeza upande wangu wa meza na kungoja.

"Onja kwanza, mama."

Mwanzoni watoto walicheka, wakadhani ni utani wa wazee. Sasa hawacheki. Ninaonja, namrudishia, ndipo anakunywa.