Siku Gari la Chai Liliporudi Tupu

Siku ile gari la kukusanya majani ya chai lilirudi kiwandani tupu kutoka Lufingo. Lilikuwa limepanda vilima kwa utelezi wa mvua, likakuta banda la kupimia halina mtu. Kijijini kulikuwa na msiba, na kwetu Rungwe, jirani akiwa hajazikwa, hakuna anayeshika jembe wala kuchuma jani.

Meneja wetu, mama aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, aliniita mbele ya wahasibu na madereva.

"Bwana Shamba, kesho nenda ukawatangazie: gari haliendi tena kwao. Chai yao wakauzie makaburini."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu pale. Nilisubiri ofisi itulie, nikabisha hodi, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mama, tangazo hilo sitalipeleka."

"Unanikatalia kazi?"

"Nakukatalia hilo moja."

Shahada ya kilimo haimwandai mtu kwa saa kama ile. Nilikiri kwamba hoja yake haikuwa ya kipuuzi: dizeli iliungua bure, na mitambo ilikaa ikingoja majani. Lakini anayechuma siku ya msiba wa mwenzake, nilimweleza, akifiwa yeye atazika peke yake. Tukiwaacha, majani yatawakomalia shambani bila mnunuzi. Nikapendekeza kwamba penye msiba mwenyekiti wao apige simu alfajiri, gari libadilishiwe njia, liwafuate kesho yake.

Aliivuta ratiba ya magari iliyokuwa mezani.

"Na wasipopiga?"

"Uniulize mimi."

"Nitakuuliza kweli."

Hakuniomba radhi, wala sikuitaka. Lufingo ilibaki kwenye ratiba.

Msiba uliofuata, simu ilipigwa kabla hakujapambazuka. Mchana meneja mwenyewe alikuja mazikoni, amevaa buti za mvua na kanga kiunoni. Bibi mmoja, mkulima wa chai, alimtazama juu mpaka chini.

"Bosi, leo hujaenda kazini? Tukufute?"

"Nifuteni, bibi. Nimekuja kuzika."

"Ndaga," bibi alimshukuru kwa Kinyakyusa, akamsogezea nafasi kwenye majani ya migomba walikokalia wanawake.

Nilikuwa upande wa wanaume, mvua ikininyeshea, nikajiona mrefu kuliko nilivyo. Kesho yake gari lilishuka kutoka Lufingo limejaa hata turubai halikufunga.