Nilikereza magurudumu ya treni ya marehemu baba, sasa haikai relini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nayaandika haya kama yalivyotokea, uso ukiwa chini.

Mimi ni fundi karakana hapa Songea, Majengo. Shule niliacha mapema wazazi walipofariki, nikawalea wadogo zangu. Wa mwisho, Neema, hata sura ya baba haikumbuki.

Alichonacho ni treni.

Ni ya kuchezea, ya umeme, ya zamani, kichwa chake chuma kizito. Padri mmoja wa misheni alimwachia baba, dereva wake, alipokuwa anarudi kwao Ulaya. Unaunganisha reli juu ya meza, umeme unapita kwenye reli, unapanda kwa magurudumu hadi kwenye mota.

Magurudumu ya kichwa yalikuwa yameliwa, yana vishimo. Treni inashtukashtuka na kusimama. Neema alikuwa anakaribia kipaimara, nikamwambia siku hiyo itazunguka meza nzima.

"Kaka, treni unaziweza lakini?"

"We! Unaongea na fundi."

Nikayapeleka magurudumu kwenye lathe, mashine yetu ya kukerezea. Sasa garage kwetu, drum ya breki ikiliwa, pembeni hubaki mdomo ulioinuka. Tunaukereza, uso unakuwa sawa. Na kila gurudumu la treni lilikuwa na mdomo upande wa ndani. Nikasema aah, kumbe yameliwa kiasi hiki!

Nikaikata midomo yote. Yakang'aa kama kikombe cha altare.

Kabla hamjacheka: Songea hatuna reli. Treni za kweli nimeziona kwenye simu tu.

Siku ya sherehe wageni wamejaa, Neema na gauni lake jeupe akawasha. Ikaondoka laini kabisa. Vigelegele! Kona ya kwanza ikanyoosha moja kwa moja, ikatumbukia kwenye bakuli la kachumbari.

"Fundi, hiyo umeitengenezea lami!" jirani akapiga kelele. Ukumbi ukaangua kicheko.

Neema aliiokota, akaifuta. Akageuza behewa ambalo sikuwa nimeligusa, akapitisha kidole kwenye gurudumu lake. Akaninong'oneza, wageni wasisikie: "Kaka, huu ukingo ndio unaoishika relini."

Behewa lilikuwa mezani kwangu muda wote, wakuu. Sikuligeuza. Wala sikuuliza mtu. Tangu niache shule nimezoea kuficha nisichokijua.

Nilichojifunza: chuma ukishakikata hakirudi. Tazama kwanza kilicho kizima.

Nafikiria kukereza pete za shaba zenye ukingo, nizipashe moto, nizivishe juu ya magurudumu, zikipoa zibane. Ila magurudumu ya upande mmoja yana plastiki katikati, naogopa itayeyuka. Aliyewahi kufanya aniambie, hata kwa matusi. Nitasoma yote.

Neema anasema niache tu, anaipenda hivyohivyo. Jana nimemkuta ameondoa reli zote za kona, amebakiza zilizonyooka. Treni inakwenda hadi mwisho wa meza, anaidaka kwa mkono, anairudisha.

Akaniona mlangoni, akatabasamu: "Si unaona kaka, inatembea."

Nisaidieni wakuu. Nataka ikate kona.