Dawati la Kumi na Saba

Wanafunzi walimwita Mama Namba, naye alijua wala hakukasirika. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha hesabu, na tangu mwaka wa kwanza alipaka namba nyeupe kwenye kila dawati. Mtoto akikaa dawati la tisa, basi mwaka mzima yeye ni Tisa. "Tisa, simama. Ishirini na Mbili, acha kutafuna kalamu." Daftari lake la alama lilifuata namba hizo hizo, na sikuwahi kusikia alama ya mtoto mmoja imekwenda kwa mwingine.

Kisha ukaja mfumo. Alama za mwaka mzima ziingizwe mtandaoni kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na atakayekuwa chini ya arobaini hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Mwalimu mkuu alisoma tangazo mara moja, akalikunja, akaenda zake. Sisi vijana tulicheka. Mama Namba alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na simu yake hadi juzi ilikuwa ya kupiga na kupokea tu.

Mimi nafundisha jiografia na meza yangu inatazamana na yake, kwa hiyo mzigo ukaniangukia. Nilimfundisha wiki mbili, na sina subira, nikiri tu. Nywila aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa kabati. Nikaifuta, akaiandika tena. Siku moja simu ilijizima katikati ya kazi, akaniangalia macho yamejaa machozi.

"Mwanangu, usinichoke," aliniambia. "Nikishindwa na hili watasema nimezeeka, watanipeleka stoo nikahesabu vitabu."

Nilimwambia hatashindwa. Moyoni nilikuwa nimeshamchoka.

Ijumaa asubuhi akaniita tena. Skrini ilikuwa ndogo, na kila alipoandika alama, safu ya majina ilimeza nafasi yote akapotea. Kengele ya kipindi changu ilikuwa imelia. Nikachukua simu, nikaficha safu ya majina, zikabaki namba moja hadi arobaini na saba na nafasi za alama.

"Haya Mama, namba na alama. Hapo hata ukifumba macho."

Akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Saa sita alibonyeza Wasilisha, akaja hadi mlango wa darasa langu kunionyesha tiki ya kijani. Nikamwinulia dole gumba, nikaendelea na mito yangu.

Namba za mfumo zilifuata herufi za majina ya watoto. Namba zake zilifuata madawati. Mimi nilijua yote mawili, na sikufikiri hata dakika moja.

Saa nane kasoro karani alibandika ukutani orodha ya alama kutoka kwenye mfumo. Msichana wa dawati la kumi na saba akaja ofisini, akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kumi na Saba. Vipi?"

"Nimeandikiwa ishirini na moja."

Mama Namba alifungua daftari. Themanini na tisa. Akalitazama daftari, akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. Huyu msichana alikuwa analelewa na mjomba aliyekwisha kumwambia kwamba mwaka huu ni wa mwisho. Akikwama, anarudi nyumbani kulea wadogo zake.

"Nimewaua watoto," alisema Mama Namba. "Nimewaua kwa mkono wangu."

"Tunasahihisha, Mama. Hadi saa kumi bado mfumo uko wazi."

Tulipitia orodha yote. Watoto kumi na wanne walikuwa wametupwa chini ya arobaini bila kosa. Waliopata vya bure tuliwaacha na bahati yao, hatukuwa na muda nao. Mfumo ulikubali jina moja moja: ulifungue, ubadilishe, uhifadhi, halafu usubiri kile kiduara kizunguke hadi kichoke. Dakika saba, nane, mara nyingine kumi. Mimi nilisoma majina, yeye aliandika, nami nikamshikia simu ili aandike kwa kidole kimoja.

Msichana hakuondoka. Nilimwambia, "Wewe kaa hapo, wewe hatuwezi kukusahau," nikamweka mwisho. Wengine walikuwa majina tu kwenye karatasi, niliogopa kuwaruka. Yeye tulikuwa tunamwona.

Saa kumi kasoro dakika nne tulihifadhi wa kumi na tatu. Mama Namba akafungua jina la mwisho. Akafuta ishirini na moja, akaandika themanini na tisa, akabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kisha ukurasa ukawa mweupe, yakatokea maneno mawili: Muda umekwisha.

Alibonyeza tena. Alibonyeza hadi nikamshika mkono.

"Mwalimu," msichana aliuliza, "kwani nilipata ngapi?"

"Themanini na tisa, mwanangu."

"Na kule?"

Mama Namba akaifunika simu kwa kiganja. Msichana akachukua mkoba wake, akasema asante, akatoka. Ile asante bado inanichoma.

Mwalimu mkuu aliandika barua kuomba alama ya msichana irekebishwe, tukaituma kwa akaunti ya Mama Namba kwenye mfumo. Jibu likaja kwenye simu ya Mama Namba: Ombi lako linashughulikiwa. Wiki tatu jibu likawa ni hilo hilo. Katika wiki hizo alileta kisu cha nyumbani, akakwangua namba kwenye madawati yote isipokuwa moja, akaanza kuwaita watoto kwa majina, akisoma kwenye orodha na kujikwaa. Mimi alinisalimia kama kawaida, hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu watahiniwa walikuwa ukumbini, shule kimya. Nilimkuta katika darasa tupu, amekaa dawati la kumi na saba, magoti yamembana chini ya meza. Simu ilikuwa mbele yake. Alikuwa akivuta ukurasa chini kwa kidole ili ujipakie upya, kama nilivyomfundisha, anasoma maneno yale yale, anavuta tena. Sasa alikuwa anajua vizuri, hakukosea hata mara moja.