Fundi wa Bukiriro na Figo ya Mdogo Wake

Saa mbili asubuhi, Bukiriro, wilayani Ngara. Speciosa Novatus anafuta vumbi kwenye cherehani, anavaa barakoa ya kitenge aliyoishona mwenyewe, kisha anameza vidonge kwa maji ya kuchemsha aliyotoka nayo nyumbani. Mteja wa kwanza, bibi wa makamo, anaingia mikono imeshanyooka kumkumbatia, kama watu wa Ngara wanavyosalimiana. Fundi anarudi nyuma, viganja kifuani.

"Shikamoo mama. Kukumbatiana utanisamehe."

"Marahaba mwanangu, nimesahau tena!"

Speciosa, 41, anaishi kwa figo ya mdogo wake Frednand, mkulima wa migomba. Alipandikizwa Dodoma miaka mitatu iliyopita, figo zake mwenyewe zilipogoma. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo hiyo hupunguza pia kinga yake, hivyo virusi ambavyo wewe ungevipuuza, kwake ni balaa.

Hilo alilijua kwa kuumia. Miezi michache baada ya upasuaji alishikwa na homa.

"Nikasema ni malaria tu. Nikanunua dawa dukani, nikaendelea kushona suruali za watu," anasema.

Alifika Dodoma yuko hoi. Vipimo vikaonyesha kirusi ambacho watu wengi wanacho, kimelala tu mwilini. Kwake kiliamka, na figo ikaponea chupuchupu.

"Daktari akasema kinapita hata kwenye mate, au huenda kilikuja na figo yenyewe. Mimi niliwaza moja tu: ikifa, nitamwambia nini Frednand? Hana nyingine ya kunipa."

Mwaka jana Frednand alipeleka mahari Kibimba, nyumbani kwa mchumba wake Jovitha. Pombe ya ndizi ikawekwa katikati, wakaanza kuivuta kwa mrija mmoja wakipokezana, ndugu wa huku na wa kule. Zamu ikamfikia Speciosa, dada mkubwa. Akaurudisha mrija.

Mahali pale, kuukataa mrija ni kusema wenyeji wana sumu.

"Binti yetu mnamtaka, kinywaji chetu mnakiogopa?" aliuliza Mzee Juvenali, baba wa bibi harusi.

Frednand akasimama, akavua koti, akapandisha shati mbele ya wakwe zake. Kovu likaonekana ubavuni.

"Baba, unisamehe kwa kuvua mbele yako. Kilichotoka hapa kiko tumboni mwa dada yangu. Akivuta mrija huu pamoja nasi, anaweza kuugua tukakipoteza."

Mama mkwe alianza kulia. Juvenali akaagiza chai ya moto na kikombe kilichooshwa upya, akampa Speciosa kwa mikono miwili.

"Nimeoza mabinti wanne, sijaona mtu aliyegawa mwili wake," anasimulia mzee huyo. "Nilitaka kumtoa Jovitha bila mahari. Wazee wenzangu wakanikanya."

Ukikaa karibu na cherehani ile unashikwa na mshangao usioisha. Kiungo cha mtu mmoja kinachapa kazi ndani ya mwingine, nacho kinalindwa kwa kipande cha kitenge, sabuni na birika la maji.

Sasa Jovitha ni mjamzito. Speciosa alimuuliza daktari kama ataweza kumshika mtoto. Akajibiwa ataweza, ila anawe mikono, na akae mbali mtoto akipata homa au tetekuwanga.

Kwenye meza yake kuna mbeleko ya rangi ya chungwa, pindo lake limekwisha kushonwa.

"Huyo nitambeba mgongoni," anasema, kiganja kimetulia tumboni, pale ilipo figo. "Huku mbele nimeshambeba baba yake."